"Sista, kinga yangu imeshuka": namna ya kufuata dalili hadi kwenye chanzo

Siku za soko hapa Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, watu wakishavuka mto Lhubiriha kutoka Kasindi, kuna ombi ninalolisikia kabla hata sijaketi: "Sista, kinga yangu imeshuka, nipe dawa ya kuipandisha." Anayesema hivyo anaweza kuwa na mafua ya siku tatu. Anaweza kuwa na mitoki kinenani, kidonda kisichofunga, au uchovu wa kulala masaa manne kila usiku. Neno ni moja, matatizo ni kumi, na dawa anayoitaka haipo.

Nimeuguza watu mpakani hapa kwa muda mrefu, na nimezoea kuwarudisha nyuma hatua moja. Badala ya kuuliza kama kinga iko juu au chini, tunaulizana: umeona nini, kimeanza lini, na sehemu gani ya ulinzi wa mwili inahusika? Mara nyingi dalili inayomtisha mtu ni ulinzi wenyewe ukiwa kazini. Mara nyingine ulinzi umenyamaza, au umesahau, au unapiga nyumba uliyopewa kuilinda. Kila hali ina njia yake.

Ulinzi wenyewe, kwa ufupi

Ngozi ni ukuta. Machozi, mate, kamasi na asidi ya tumboni vinalinda milango. Kijidudu kikipenya, hukutana na chembe nyeupe zinazomeza. Hizi hazichagui adui, na huanza kazi ndani ya dakika au saa chache. Usaha wa jipu kwa sehemu kubwa ni mizoga ya chembe hizo. Nyuma yake kuna kikosi cha limfosaiti. Mara ya kwanza huhitaji siku kadhaa kujipanga, ila kikishapigana na adui hukumbuka sura yake. Limfosaiti B hutengeneza kingamwili, protini zinazomnasa adui mmoja maalumu. Limfosaiti T nyingine huua seli zilizokwisha kuvamiwa na virusi, na nyingine, zile tunazozipima kwa jina la CD4, hutoa amri kwa wenzake. Zote chimbuko lake ni uboho wa mifupa, T hukomaa kwenye tezi ya thaimasi nyuma ya mfupa wa kifua, na mikutano yao hufanyika kwenye tezi za limfu na kwenye bandama.

Hiyo inatosha kuanzia.

Dalili: mwili unawaka homa

Homa ni amri inayotolewa na mwili wenyewe. Chembe zinazomeza zikimgundua adui, hupeleka ujumbe wa kemikali hadi sehemu ya ubongo inayotunza kiwango cha joto, na kiwango kinasogezwa kutoka nyuzi 37 hadi, tuseme, 39. Kuanzia hapo mwili wenye nyuzi 37 unajihisi una baridi. Ndiyo sababu mgonjwa anatetemeka na kuomba blanketi huku paji lake la uso linauchoma mkono wa mama yake. Kiwango kikishushwa, jasho linamwagika. Joto hilo lina kazi: vijidudu vingi huzaana kwa shida zaidi ndani yake, na chembe nyeupe huchangamka. Mtoto anayeteseka nampa parasetamoli bila kusita, ila namwambia mama kwamba homa kushuka baada ya dawa hiyo hakuonyeshi kwamba ugonjwa umeondoka.

Kwa Kiluganda neno omusujja hubeba homa na malaria kwa pamoja, na sisi wa Kiswahili hatuko mbali: mtu akisema "nina malaria" mara nyingi anachojua ni kwamba mwili unachemka. Naona neno hilo limetugharimu watoto. Mzazi anapita duka la dawa, ananunua dawa mseto ya malaria, anasubiri siku tatu, na kumbe kilichokuwa kinaendelea kifuani ni nimonia.

Sasa fuata hali yako ilivyo.

Umepima, na kipimo cha haraka kinasema hakuna malaria. Kikubali, kisha tafuta kwingine: koo, masikio, kifua, mkojo, jipu lililojificha, jino. Homa ikiendelea, rudi kupima siku inayofuata, safari hii kwa darubini ikiwezekana. Usimeze dawa ya malaria "kwa usalama", kwa sababu utajituliza moyo wakati chanzo cha kweli kinakua.

Umemaliza dozi wiki iliyopita, umepima tena, na kipimo bado kinaonyesha malaria. Hili huwachanganya wengi, nao hununua dozi ya pili na ya tatu. Vipimo vingi vya haraka tunavyotumia hutafuta protini inayoachwa na vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea vyenyewe kufa. Kama umepona na huna homa, huna cha kutibu. Kama una homa, omba kipimo cha darubini, maana hicho huona vimelea vyenyewe.

Baba ana homa nyepesi na anakwenda shambani, mtoto yuko mahututi, na mbu ni walewale. Hapa hakuna uchawi. Kinga dhidi ya malaria hujengwa polepole kwa kuumwa tena na tena, na haikamiliki: humzuia mtu mzima asizidiwe, lakini haimzuii kupata vimelea. Apac, kaskazini, watafiti waliwahi kukadiria kwamba mtu mmoja hupata zaidi ya miumo 1,500 ya mbu wenye vimelea kwa mwaka. Mtu mzima wa huko anabeba kinga ambayo mtu wa milima ya Kabale hana, kwa hiyo kijana wa Kabale akishuka kufanya kazi bondeni, mhesabu kama mtoto mdogo. Mwingine ni yule aliyeishi Ulaya miaka mingi akarudi kuzika: kinga yake ya zamani imefifia, naye hajui. Na mwanamke mwenye mimba ya kwanza, hata kama amezaliwa bondeni, vimelea hujishikiza kwenye kondo la nyuma kwa namna ambayo mwili wake haujawahi kuiona. Ndiyo maana kliniki ya wajawazito humpa dawa ya kinga ya malaria kuanzia miezi mitatu kumalizika, angalau mara tatu. Usiikwepe.

Homa pamoja na kutapika, kuhara au kutoka damu, na umehudhuria maziko au umemuuguza mtu aliyekufa ghafla. Usipande boda boda kwenda sokoni, na usilale kwa jirani. Mwambie mhudumu wa afya wa kijiji, wale wa VHT, akusaidie kupata gari la wagonjwa, na useme wazi ulikotoka. Juni 2019 familia iliyotoka Kongo baada ya msiba iliingia wilaya hii ya Kasese, na mtoto wa miaka 5 akathibitishwa kuwa na Ebola katika hospitali ya Bwera. Uhodari wa virusi hivi ni kwamba huanza kwa kuzivamia chembe zinazomeza, zile zilizopaswa kupiga kengele, na kuziba ujumbe wa hatari usifike kwa wengine. Ulinzi unapozinduka umechelewa, nao huzinduka kwa fujo inayoumiza hata mishipa ya damu. Chanjo ya Ervebo, waliyopewa watu waliokaribiana na wagonjwa mwaka ule, hulinda dhidi ya aina ya Zaire. Haikulindi na aina ya Sudan, ile iliyoua watu 224 katika mlipuko wa Gulu mwaka 2000, akiwemo Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, na iliyorudi Mubende mwaka 2022. Kwa hiyo kuchanjwa mwaka 2019 si ruhusa ya kugusa maiti leo.

Kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu sisomi orodha yoyote. Nyuzi 38 ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Vivyo hivyo mtoto yeyote mwenye degedege, anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu au asiyeamka vizuri.

Dalili: uvimbe shingoni, kwapani au kinenani

Tezi za limfu zipo mamia mwilini. Maji yanayozunguka kati ya seli hupitia humo kabla ya kurudi kwenye damu, na limfosaiti hukaa pale zikikagua kila kinachopita. Mmoja wao akimtambua adui, huzaana kwa maelfu, na tezi inavimba na kuuma. Ni kambi iliyojaa askari.

Kwa hiyo usiitazame tezi peke yake. Panda juu kama anayefuata mto hadi kwenye chemchemi. Mitoki ya kinenani, kagua mguu: funza, mpasuko kati ya vidole, mwiba, na pia sehemu za siri. Tezi ya kwapa, kagua mkono na titi. Shingo, kagua koo, meno, masikio, na kwa watoto kagua kichwa, kwa sababu mapunye huvimbisha tezi za kisogoni na mama huja akilia kwamba mwanawe ana saratani. Tibu chanzo, tezi itashuka yenyewe ndani ya wiki mbili tatu. Usiikande kwa maji ya moto hadi ichubuke, na usimruhusu mtu kuichanja kwa wembe.

Ikipita wiki nne, ikiwa ngumu kama jiwe, ikiendelea kukua bila kuuma, au ikija na jasho la usiku na kukonda, tunatafuta mambo matatu: kifua kikuu cha tezi, VVU, na saratani ya limfu. Kifua kikuu si lazima kikae kifuani. Nimewaona waliozungushwa miezi sita na dawa za kuua bakteria wa kawaida, na kumbe kipande kidogo cha majimaji ya tezi kingetoa jibu.

Kuna uvimbe mmoja ambao sitaki mzazi ausubirishe hata wiki moja, na ni historia ya nchi hii. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliandika juu ya watoto waliokuwa wakiletwa na taya zilizovimba, meno yakilegea. Sampuli kutoka Kampala zilipelekwa London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong waliona ndani ya seli hizo virusi vipya, vilivyopewa jina la Epstein-Barr. Virusi hivyo karibu sote tunavyo. Huishi kimya ndani ya limfosaiti B, na limfosaiti T huvikalia macho maisha yote. Malaria ya mara kwa mara inavuruga ulinzi huo pande mbili: inazilazimisha B kuzaana bila kupumzika, na inazichosha T zilizokuwa zinalinda. Katika kuzaana huko, kosa moja kwenye vinasaba linatosha. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, hakuna saratani ya binadamu ikuayo upesi hivyo, na kwa sababu hiyohiyo dawa huuyeyusha vizuri ukiwahiwa. Taya, jicho linalochomoza, au tumbo la mtoto linalojaa ghafla: nenda hospitali ya mkoa, na kutoka hapo watakuelekeza Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, au Mbarara. Jino lililolegea lisikupeleke kwa mng'oa meno wa mtaani.

Dalili: ninaugua kila mara

Hapa ndipo neno "kinga imeshuka" linapoweza kuwa kweli, kwa hiyo tuhesabu kwanza. Mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kupata mafua sita hadi nane kwa mwaka na asiwe na kasoro yoyote. Limfosaiti zake ziko shule, zinakutana na virusi kwa mara ya kwanza. Kinachonishtua ni aina ya ugonjwa kuliko idadi. Mtu mzima mwenye utando mweupe mdomoni. Kijana mwenye mkanda wa jeshi. Nimonia mara mbili ndani ya mwaka. Kuhara zaidi ya mwezi. Kikohozi kinachopita wiki mbili. Kukonda bila sababu. Hawa ni maadui ambao ulinzi mzima huwazuia bila wewe kujua, na wakionekana, kuna mlinzi aliyeondoka langoni.

Anza na kipimo cha VVU, kila mara, hata kama umeolewa kanisani au msikitini, hata kama ulipima mwaka jana. Virusi hivi hulenga CD4 zenyewe, zile zinazotoa amri. Mtu mwenye afya huwa na CD4 kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila tone dogo la damu tunalolipima. Zikishuka chini ya 200, magonjwa nyemelezi yanaingia wazi. Wazee wa Rakai wanakumbuka kilichotokea Kasensero kuanzia mwaka 1982, wakati watu walikuwa wanakonda hadi ugonjwa ukaitwa Slim na hakuna aliyejua unatoka wapi. Leo kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegraviri kinazuia virusi kuzaana, na CD4 zinapanda tena. Hiyo ndiyo dawa pekee ninayoijua ambayo kwa mtu wa VVU inastahili kabisa kuitwa dawa ya kupandisha kinga. Inatolewa bure katika vituo vya serikali.

Kama kipimo hakioni kitu lakini ulijiweka hatarini wiki mbili zilizopita, kumbuka kwamba tunachopima ni kingamwili, na mwili unahitaji muda kuzitengeneza. Rudia baada ya miezi mitatu.

Kuna tatizo moja la ajabu linalowafanya watu watupe dawa. Mtu anaanza matibabu ya VVU akijisikia nafuu kidogo, halafu wiki ya tatu au ya sita homa inapanda, tezi zinavimba, kichwa kinauma, na anasema dawa zinamuua. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba ulinzi umeamka. Kifua kikuu au fangasi wa ubongo walikuwemo muda wote, ila hapakuwa na askari wa kupigana nao, na bila vita hakuna homa. Sasa askari wamerudi, wanapigana kwa hasira. Usiache dawa. Rudi kituoni upesi, hasa kichwa kikiuma bila kuachia au shingo ikikakamaa, ili adui aliyefichika atibiwe na vita vipunguzwe makali.

VVU ikiwa haipo, endelea kutafuta. Pima sukari: kisukari huzilegeza chembe zinazomeza, na dalili yake ya kwanza inaweza kuwa majipu yanayorudi au kidonda cha mguu kisichopona. Uliza chakula: mtoto aliyelelewa kwa matoke na mihogo mitupu hana vya kujengea kingamwili, maana kingamwili ni protini, na thaimasi ya mtoto mwenye utapiamlo mkali husinyaa. Konzi ya mukene (dagaa) iliyosagwa kwenye uji, maharagwe, karanga, mboga ya dodo (mchicha), yai likipatikana. Hivi ni vya bei ya soko letu. Uliza minyoo.

Uliza pia kuhusu sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Utafiti wa nchi nzima uliotangazwa mwaka 2016 ulikuta watoto 13.3 katika kila 100 wana vinasaba vya sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja, na huku magharibi, Bundibugyo, viko juu zaidi. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hana ugonjwa, na malaria kali humpata kwa nadra zaidi. Aliyerithi kwa wote wawili, bandama yake huharibika mapema utotoni, na bandama ndiyo inayochuja bakteria wa nimonia na wa uti wa mgongo kutoka kwenye damu. Mtoto huyu hunywa penisilini kila siku hadi afike miaka mitano. Homa kwake ni dharura, hata akiwa anacheza.

Na uliza kama aliugua surua hivi karibuni. Virusi vya surua huingia ndani ya chembe za kumbukumbu na kuziua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha watoto wasiochanjwa wakipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa wamejikusanyia dhidi ya magonjwa mengine. Yaani mtoto anapona vipele, halafu kwa miezi mingi anaugua upya vitu alivyokwisha kuvishinda. Mama anasema amelogwa. Amesahaulishwa, na chanjo ingezuia.

Dalili: alichanjwa, na bado akaugua

Leta kadi ya chanjo kabla ya kulaumu chanjo. Mara nyingi jibu liko kwenye safu iliyo wazi.

Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, zilizopita kwenye kondo, na huongezewa nyingine kupitia dang'a, yale maziwa ya kwanza ya rangi ya manjano ambayo bibi wengine bado wanayakamua na kuyamwaga. Tafadhali yasimwagwe. Kingamwili hizo za mama hulinda miezi ya mwanzo, kisha hupungua. Zikiwa bado nyingi huweza kuidhoofisha chanjo ya surua, na ndiyo sababu dozi ya kwanza husubiri miezi tisa. Dozi hiyo peke yake huacha takriban watoto 15 katika 100 bila kinga ya kutosha. Ya pili, miezi 18, ndiyo inayoziba pengo, na ndiyo ambayo akina mama wengi huikosa kwa kuwa mtoto anatembea, ananenepa, na safari ya kliniki inaonekana haina haraka.

Chanjo ya malaria, iliyozinduliwa nchini Aprili 2025 huko Apac, hutolewa mara nne: miezi 6, 7, 8 na 18. Inapunguza malaria, haiimalizi. Mtoto aliyepata dozi zote na akaugua hajadanganywa na mtu. Chandarua kibaki palepale. BCG, chanjo ya kifua kikuu, vilevile: kazi yake kubwa ni kumlinda mtoto mchanga na kifua kikuu cha ubongo na kile kinachosambaa mwilini, na mtu mzima mwenye kovu lake anaweza kuugua kifua kikuu cha mapafu. Kidonda kidogo cha BCG kinachotoa usaha wiki chache baada ya sindano ni ulinzi unajifunza. Kiache, usikipake chochote. Homa ya siku moja au mbili baada ya chanjo nyingine ina maana hiyohiyo.

Dalili: ulinzi unampiga mwenye nyumba

Mzio ni ulinzi uliomwona mgeni asiye na hatia kuwa jambazi: vumbi, chavua, karanga, sumu ya nyuki. Mafua yasiyo na homa yanayokuja kila msimu uleule, macho kuwasha, na pumu vimo humu. Vingi ni vya kuvumilika. Kimoja hakisubiri: baada ya sindano ya penisilini au kuumwa na nyuki, mtu anavimba midomo, anakoroma kwa kukosa hewa na kuzimia. Hapo sindano ya adrenalini pajani ndiyo ya kwanza, na dawa nyingine zinafuata. Ndiyo maana mtu asikudunge penisilini sebuleni kwako.

Ninachotaka kukikalia zaidi ni mafindofindo. Msichana wa miaka kumi ana koo linalouma kwa siku chache, linapoa lenyewe. Wiki mbili tatu baadaye goti linavimba, linapona, kiwiko kinashika zamu, na nyumbani wanasema ni baridi yabisi au mifupa inakua. Bakteria aliyeshambulia koo anafanana kwa sehemu na vali za moyo, na kingamwili zilizotengenezwa kumpiga yeye zinageukia moyo wa mtoto. Kila shambulio jipya la koo linaongeza kovu kwenye vali, hadi siku ambayo, akiwa na mimba miaka kumi na mitano baadaye, anashindwa kupumua akiwa amelala. Huko Gulu, watoto 818 ambao vali zao zilionyesha uharibifu wa mwanzo waligawanywa makundi mawili, na matokeo yalichapishwa mwaka 2022: baada ya miaka miwili, katika kundi lililopata sindano ya penisilini kila wiki nne, chini ya mtoto mmoja katika 100 alizidiwa, katika kundi lisilopata, zaidi ya 8. Kwa hiyo maumivu ya viungo yanayohama baada ya koo kuuma yanahitaji daktari asikilize moyo, na akisema sindano kila wiki nne kwa miaka, kila sindano ina sababu.

Magonjwa mengine ya kundi hili, kama lupasi na ile kisukari ya watoto ambamo limfosaiti T huharibu kongosho, yanahitaji mtaalamu, na sitajaribu kuyatatua hapa.

Kuhusu chupa ya kupandisha kinga

Ukifika hapa umeona kwa nini sikuuzii. Ulinzi uliopandishwa ovyo ndio huo unaopiga moyo na kongosho. Vinavyousaidia kufanya kazi yake ni usingizi, chakula chenye protini, vitamini A na dawa ya minyoo ambavyo watoto hupewa bure Aprili na Oktoba, chanjo zote kwenye kadi, na chandarua.

Kuna jambo la hatari zaidi. Baadhi ya chupa na vidonge visivyo na lebo vinavyouzwa sokoni kwa maneno ya "kinga", "viungo" au "hamu ya kula" huwa vimechanganywa deksamethasoni au prednisoloni, na krimu nyingi za kujichubua zina dawa za jamii hiyo. Dawa hizi hufanya kinyume cha maneno ya muuzaji: zinazima ulinzi. Mtu anajisikia vizuri siku ya pili kwa sababu homa, uvimbe na maumivu vimenyamazishwa, huku kilichovileta kinaendelea. Ukiona uso umekuwa wa mviringo, tumbo limenenepa na mikono imekonda, ngozi inapasuka mistari, na sukari imepanda ghafla, ishuku chupa.

Ila kama umeitumia kwa wiki kadhaa, usiitupe leo. Mwili wako umeacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na kukatiza ghafla kunaweza kukuangusha kwa shinikizo la damu kushuka. Iweke kwenye mfuko pamoja na kadi ya kliniki na dawa nyingine zote ulizomeza mwezi huu, za kienyeji zikiwemo, uandike tarehe homa ilipoanza, na uje nayo. Tutaipunguza polepole pamoja.